Hedifoni Zilizomuua Baba Glory

Chekeni tu, chekeni mpaka mchoke, maana mimi nimeshazoea: mpaka leo nikipita Mtaa wa Congo kuna wauza soksi wananiambia "pole na msiba, mama" halafu wanageukia ukutani mabega yanacheza. Na wana haki. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili, sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, nimefanya watu wafunge maduka Jumamosi ya Kariakoo (Jumamosi, jamani, siyo Jumatatu ya mvua), wakodi viti, watandike mikeka, kwa ajili ya marehemu ambaye wiki hiyo hakuwa ameumwa hata jino. Na chanzo cha yote ni hedifoni, tena hedifoni nilizochagua mwenyewe kwa mdomo wangu mwenyewe, nimekatazwa na aliyekuwa ananiuzia.

Ilivyokuwa ni hivi. Daktari alisema sukari yangu inapanda, nitafute mazoezi, na binti yangu Glory kwa kunipenda akaninunulia baiskeli yenye kikapu mbele, basi kila asubuhi nikawa natoka nyumbani Ilala, nakamata Barabara ya Uhuru mpaka Mnazi Mmoja, nauzunguka uwanja mara moja, halafu narudi Kariakoo kufungua duka langu la mashuka na mapazia. Mwanzoni walinicheka sana, suruali chini na kanga juu yake nimeifunga kiunoni kama naenda kuchota maji, lakini wakazoea, na mimi nikazoea, hata nikaanza kujiona mtu wa maana.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniuma kila nikifika dukani, nacho ni mlango wa pili. Mlango wa pili ni wa Bi Zuleha, anauza kanga na madera, mwenyeji wa pwani haswa, na kwa miaka kumi na minne mimi na yeye tulikuwa chai moja, vitumbua sahani moja, yeye akienda kuswali mimi namuuzia, mimi nikienda mazoezi ya kwaya yeye ananiuzia. Sasa siku moja mteja aliniuliza kama kanga za pale jirani ni nzuri, na mimi mdomo wangu huu (ungekuwa na breki ningekuwa mbali kimaisha) nikasema kwa utani, "Nzuri, ila usizifue." Bi Zuleha alikuwa nyuma ya pazia nililokuwa nimelitundika mwenyewe. Akarudi dukani kwake, na tangu siku hiyo miezi mitatu hakuna salamu, hakuna chai, tunapishana mlangoni kama wapangaji wanaodaiana umeme. Nilijua nimekosa. Kila asubuhi nilikuwa natoka nyumbani nikisema leo namwomba radhi, nikifika nikimwona amekaa na lile shingo lake limenyooka, naingia dukani kwangu kukunja mashuka ambayo yalikuwa yameshakunjwa. Hata Baba Glory alipopata presha akalazwa wiki nzima, Kariakoo nzima ilinipa pole isipokuwa yeye, na hilo nililiweka moyoni, ingawa moyoni humo humo nilikuwa namkumbuka mpaka basi.

Turudi kwenye hedifoni. Mwalimu wetu wa kwaya alileta wimbo mpya, na katika wimbo huo sauti ya pili haina maneno kabisa, wenzetu wanaimba maneno, sisi kazi yetu ni "uuuu" ndefu inayopanda, inashuka, inakatika kidogo, inapanda tena. Sasa mimi sikio langu ni jepesi, nikisikia soprano tu nahamia kwao bila kujijua, na mwalimu alishachoka kunirudisha, akanirekodia sehemu yangu peke yake kwenye simu akasema niisikilize mchana na usiku. Nikaona nitaisikiliza wapi kama siyo kwenye baiskeli. Nikajaribu na vile vidude vya bei ya chini vya waya, lakini zile spika za machinga zinazopiga kelele "bei poa, bei poa" zilinishinda nguvu, nikifika dukani najikuta naimba bei ya makobazi.

Ndiyo nikaenda kwa Rama. Rama ni baba wa watoto wawili, mtu mzima, mpole, anauza simu na vifaa vyake mtaa wa nyuma yetu, na hamdanganyi mteja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Rama, nataka hedifoni za kusikilizia nikiwa kwenye baiskeli."

Akaniwekea aina tatu juu ya kioo. Zile za kuchomeka ndani ya sikio akazisukuma pembeni mwenyewe, akasema zitadondoka kwenye tuta la kwanza. Akachukua za pili, kidude chembamba kama upinde wa kubania nywele, akanivalisha mbele ya masikio, hapa kwenye mfupa.

"Hizi mama hazizibi sikio. Sauti inapita kwenye mfupa, sikio linabaki wazi. Unasikia wimbo wako, honi unaisikia, na mtu akikuita unamsikia. Kwa baiskeli ni hizi tu."

Ni kweli nilimsikia mwalimu wa kwaya, lakini nilimsikia pia yule bwana wa nje anayeuza soksi, na mama wa maandazi, na gari linarudi nyuma. Nikamuuliza, "Na hizo kubwa?"

"Hizo zinaua kelele. Hizo ni za kwenye ndege, mama, au za mtu anayelala karibu na baa. Siyo za barabarani."

"Hebu nivalishe."

Nyie! Kariakoo ilizimika. Nilimwona Rama anaongea, midomo inacheza, wala simsikii, namsikia mwalimu peke yake ananiimbia uuuu yangu safi kama tuko wawili kanisani. Machozi yalinilenga kwa raha. Nikazivua nikasema nachukua hizi. Rama akaanza kunisihi, bodaboda hutamsikia mama, nikamwambia bodaboda nitamwona, nina macho, akasema basi angalau upande mmoja uache wazi, nikasema sawa, na nyinyi mnanijua nikisema sawa namaanisha nini.

Jumamosi asubuhi nikajiandaa. Kofia ngumu ya baiskeli ikakataa kukaa juu ya yale madude, nikaiacha juu ya friji. Halafu nikawaza vibaka, kitu kizuri vile kichwani kinang'aa, mtu anapita na bodaboda anakwapua na sikio juu, kwa hiyo nikachukua kanga, ile nyeusi yenye mchoro mweupe kidogo, nikajifunika kichwa chote nikaifunga chini ya kidevu. Hedifoni hata ungetafuta kwa tochi usingeziona. Baba Glory alikuwa uani ananyoa ndevu, akaniambia kitu, nikaona midomo inacheza, nikampungia mkono nikaondoka.

Sasa pigeni picha. Mama wa makamo juu ya baiskeli, kanga nyeusi kichwani, anapita Uhuru asubuhi asubuhi, mdomo wazi, anatoa sauti: "Uuuuuu! Uuuu-uuu! Uuuuuu!" Na kwa sababu sijisikii, napaza zaidi, maana mwalimu alisema tatizo letu sauti ya pili tunaimba kama tunaogopa. Kufika Mnazi Mmoja wafagiaji walikuwa wametimua vumbi lote la dunia, likaniingia machoni, machozi yakaanza kutiririka mashavuni, na mimi mikono iko kwenye usukani, siwezi kufuta, nikaendelea kuimba tu huku nalia.

Pale pembeni huwa anakaa Mzee Shomari na birika lake la kahawa na wazee wenzake wa kahawa, kila siku nasalimiana nao. Safari hii wote walikuwa wamesimama. Nikapunguza mwendo, Mzee Shomari akanijia mpaka karibu, amevua kofia, uso umemshuka, akaniuliza kitu. Nikadhani ananijulia hali ya mgonjwa kama kawaida yake, kwa hiyo nikaweka mkono kifuani, nikapaza sauti ili nijisikie, "Namshukuru Mungu, mzee wangu! Amepumzika!" Maana Baba Glory kweli alikuwa mapumzikoni nyumbani, daktari alimwambia asifanye kazi nzito. Mzee Shomari akainamisha kichwa. Nami nikavuta pumzi, nikaendelea na uuuu yangu pale nilipoishia.

(Baadaye ndiyo nikaambiwa aliniuliza, "Mwanangu, ni Baba Glory?" na nilivyoondoka tu simu zikaanza kupigwa Kariakoo nzima.)

Kuanzia hapo mambo yakawa mazuri ajabu. Bodaboda wanasimama kunipisha. Dereva wa kirikuu, hawa wa vigari vya mizigo ambao hawampishi hata mama mjamzito, ananipungia nipite. Nimeingia Mtaa wa Msimbazi, machinga wanavuta meza zao nyuma, mwingine kavua kapelo, mama mmoja wa maandazi anajifuta macho na upindo wa kanga. Na mimi bila aibu nikajisemea moyoni, Kariakoo leo imestaarabika, wameanza kuheshimu watu wa mazoezi. Nikawa naitikia kwa kichwa kushoto na kulia kama mgeni rasmi.

Kufika dukani, mlango wa Bi Zuleha umefungwa kwa kufuli kubwa. Jumamosi! Nikashtuka kwanza, nikawaza anaumwa nini huyu, mbona sijaambiwa, na nani ataniambia wakati hatusemeshani. Kabla sijamaliza kuwaza watu wakanizunguka, mmoja kashika baiskeli, mmoja kaniwekea kiti, mwingine ananimiminia maji ya chupa mdomoni, na mimi nikadhani wanaona nimechoka na baiskeli, nikawa nawaambia asanteni, asanteni, nimezoea, kesho tena. Kusema "kesho tena" wanawake wawili wakashika vichwa vyao.

Rama naye akafika anakimbia. Akaona nimejifunga kanga na jua limeanza kuchoma, akaifungua anipepee, na kuifungua hivi akakutana uso kwa uso na bidhaa yake. Nilimwona anavyoziangalia. Akazivua taratibu kwa mikono miwili, kelele zote za Kariakoo zikanirudia kwa mpigo, na katikati ya kelele hizo nikasikia mama mmoja pembeni anasema kwa kilio, "Maskini Baba Glory, ametutoka!"

Sasa jiwekeni mahali pangu. Mimi niko ndani ya wimbo saa nzima, nimemwacha mume wangu uani ananyoa ndevu, mtu wa presha, halafu navuliwa hedifoni naambiwa ametutoka, na umati wote huo unalia. Ningejuaje kwamba habari ile nimeileta mimi? Nikaamini. Nikapiga ukunga mmoja ambao Rama anasema ule wa barabarani ulikuwa cha mtoto. Nikampigia Baba Glory simu, inaita, inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Rama anajaribu kusema, "Mama, subiri kwanza, mama, hebu tuulizane," nani amsikilize, nikabebwa mzobemzobe nikaingizwa kwenye bajaji, wanawake wawili kushoto na kulia, na njia nzima nilikuwa naongea na Mungu wangu, nimwambie nini huyu mwanaume niliyempungia mkono tu asubuhi bila hata kumsikiliza anasema nini.

Nyumbani viti vya plastiki vimejaa mpaka nje ya geti. Wanaume nje, wanawake uani kwenye mikeka, jiko la mkaa limeshawaka, sufuria kubwa ya chai juu yake. Mpangaji wetu mmoja alikuwa amewaambia Baba Glory alitoka asubuhi kwenda Feri, soko la samaki, basi habari ikakua yenyewe, kwamba imemkuta huko huko Feri, kaanguka, wanaume wanne wameshatumwa kufuata mwili.

Na aliyekuwa anachochea mkaa, dera lake amelipandisha, kichwa amekifunga, macho mekundu, alikuwa Bi Zuleha. Alikuwa amefika wa kwanza. Alikuwa ameshafagia ua wangu, ameleta furushi zima la kanga kutoka dukani kwake anawagawia waliokuja bila za kujifunika. Aliponiona akaacha kipepeo cha mkaa kikaanguka, akaja akanikumbatia kwa nguvu, sote wawili tukaenda chini kwenye mkeka.

Na mimi, badala ya kumlilia marehemu kama watu, nikasikia mdomo wangu unatoa kilio hiki mbele ya watu wote: "Zuleha nisamehe! Zuleha mwenzangu, kanga zako hazichuji! Mimi mwongo! Hazichuji!"

"Nyamaza, mama, nyamaza," ananipapasa mgongo naye analia. "Siyo leo hayo."

"Hazichuji, Zuleha!"

Wanawake wakaitikia kilio, kila mtu na lake, na pengine wengine walidhani ndiyo mila yetu Wachaga.

Sasa huku nje, kumbe, Baba Glory amerudi. Ametoka Feri na changu wake wawili kwenye mfuko, simu hakuisikia kwa kelele za sokoni, anakuta geti lake limejaa watu asiowajua, wengi ni wa Kariakoo wanaomsikia jina tu. Yeye ni mtu wa adabu, kakulia Machame. Akaweka samaki chini, akavua kofia, akapita kwenye kila kiti anatoa pole kwa mkono, akasogezewa nafasi akakaa. Akavumilia kidogo, halafu akamwinamia jirani yake, "Samahani ndugu yangu, kafariki nani?"

"Mume wa Mama Glory."

"Yupi huyo?"

"Mama Glory wa mashuka. Yule wa baiskeli."

Nilichosikia mimi kutoka ndani ya kilio ni sauti ya mume wangu nje, ile ile anayoniitia nikiwa nimeunguza wali: "Mama Glory! Mimi nimekufa lini?"

Kuna waliokimbia, sisemi uongo, mzee mmoja aliacha kiatu. Mimi nilitoka kwenye mkeka sijui kwa miguu gani, nikamshika uso, nikamshika mikono, inanuka samaki, nikambusu mbele ya wazee wa kahawa na wazee wa kanisa, jambo ambalo kwa miaka ishirini na tisa ya ndoa halijawahi kutokea mchana. Yeye anauliza tu, "Kwani sikukuambia naenda Feri? Si ulinipungia mkono?"

Ua wote ukanigeukia mimi. Rama, ambaye alikuwa amenifuata na hedifoni mkononi, akaziinua juu kama kielelezo mahakamani, na hapo akili ikanirudia, nikaanza kuunganisha, Mzee Shomari, "amepumzika", wale bodaboda wanaonipisha. Nikawaeleza yote nimesimama, macho chini. Niliomba ardhi inimeze na changu wawili wale wa Baba Glory. Lakini nawaambia kweli, wale wote walioacha biashara sikuwaogopa nusu ya nilivyomwogopa mtu mmoja, aliyekuwa bado amekaa kwenye mkeka, amekunja uso, anafunga upya kanga yake kiunoni, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Maana msiba ndio ulimleta, na msiba haupo tena.

Bi Zuleha akainuka. Akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unaimba."

"Ndiyo, dada."

"Hebu imba."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Nimefunga duka mimi."

Nikaimba, nyie. Mbele ya waombolezaji wangu wote, nikatoa ile uuuu kuanzia mwanzo mpaka inapokatika na kupanda. Bi Zuleha amesikiliza, mkono kiunoni, mpaka mwisho.

"Wallahi," akasema, akiwageukia watu, "mtu akipita mlangoni kwangu analia hivi, na kesho nafunga tena."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika Buguruni. Chai ilikuwa imeshaiva, ikanywewa, changu wakakaangwa, hata wale wanaume wanne walipopigiwa simu wakarudi kutoka Feri wamekasirika walipewa sahani wakatulia. Jioni watu walipopungua tulibaki mimi na yeye tunaosha vikombe, na bila kuniangalia akaniambia, "Baba Glory alipolazwa nilikuja. Nilifika mpaka mlango wa wodi, nikakuona umekaa pale kitandani, nikashindwa kuingia, nikarudi. Nikajuta siku zote hizo. Leo nilivyosikia nikasema, safari hii hata akinifukuza sirudi."

Nikaendelea kuosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

Basi mwenzenu nimeapa. Siimbi tena juu ya baiskeli, sifunikwi masikio tena barabarani na kitu chochote, hata baridi ikija, na mume wangu akifungua mdomo asubuhi nasimama nasikiliza mpaka amalize, hata kama ni habari ya mpira. Lakini kulikuwa na jambo moja halikunipa usingizi Jumapili nzima, nalo ni kwamba ile radhi nilimwomba Bi Zuleha nikiwa nimechanganyikiwa, nikimlilia mtu ambaye hajafa, na mimi nikaona radhi ya namna hiyo haihesabiki. Kwa hiyo Jumatatu, kabla sijagusa kufuli ya duka langu, nilikwenda nikasimama mlangoni kwake na akili zangu timamu, nikamwambia nilikukosea, nilisema uongo juu ya mali yako kwa sababu ya kutaka kuchekesha mteja, naomba unisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, shingo lake limenyooka vile vile. Halafu akasogea pembeni ya mlango, akasema, "Haya ingia unisaidie kushusha haya marobota, mgongo unaniuma."